Nunua Sufuria Kabla ya Wufa

Msee akitoka kwa mathe akaingia keja yake ya kwanza, kitu ya kwanza anasakanga ni wufa. Inafuata godoro, alafu tivi ya kutundika ukutani, alafu pazia ya kufunika ile dirisha moja inaangaliana na ukuta wa ploti ya jirani. Sufuria inakuja mwisho, na mara nyingi ni ile nyembamba ya bei ya kutupa, ama ile mathe alitoa kabatini akasema "shika hii kwanza." Mimi naona hiyo laini imepinduliwa. Wufa haijai kulisha mtu. Sufuria poa inakulisha usiku wa leo, wa kesho, na ule wa Njaanuari penye doh imeisha tarehe kumi na mwezi bado ni mrefu.

Cheki hesabu ya mtaa kwanza. Chipo ya soo kila jioni, Jumatatu mpaka Jumapili, ni mia saba, na hapo hujagusa smokie wala soda. Hiyo ganji ingekuletea pakiti ya unga ya kilo mbili, sukuma za siku kadhaa, nyanya, vitunguu, mafuta ya kupima na mayai, na bado ubaki na kitu ya fare. Alafu mtaa wote umejipanga kusaidia msee anapika. Mama mboga anakukatia sukuma za mbao nyembamba venye wewe mwenyewe huwezi, kisu ikipita karibu na vidole na macho yake yakiwa kwa kastoma mwingine. Dukani wanakupimia mafuta ya finje kwa chupa yako. Nyanya mbili, kitunguu moja, hoho nusu, na dhania unaongezewa bure ukiwa mtu wa kila siku. Hakuna mtu anakulazimisha ununue kilo. Hii biashara ya kadogo ndio imeshikilia Kayole, Githurai, Pipeline na Kawangware, na kila jioni iko hapo nje ya geti. Kwako inataka tu moto, sufuria na nusu saa.

Sufuria ndio wengi wanateleza, kwa hivyo wacha nikae hapo kidogo. Sufuria ya kwetu haina mkono. Ni alumini, mdomo umekunjwa nje, makalio imelala flati, kifuniko ni ile sahani ya bati yenye kashikio katikati. Alumini inapitisha moto haraka mno, zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi, ndio maana hata na gesi kidogo maji inachemka mbio. Lakini ikiwa nyembamba, moto inapiga pale katikati tu penye bana iko, na wali wa hapo unashika kabla ya ule wa pembeni kuiva. Ikiwa nzito, moto inatembea kwanza ndani ya sufuria yenyewe, inafika kila upande, alafu ndio inapanda kwa chakula. Hiyo tofauti ndio inafanya mathe apike pilau ya watu kumi bila ukoko mweusi, na wewe unaunguza ya mtu mmoja ukiangalia.

Kuijua ni rahisi. Ishike kwa mkono mmoja usikie uzito. Bonyeza makalio na dole gumba: ikiingia na kurudi, iache hapo. Weka kifuniko yake, uizungushe uone kama inacheza. Cheki ukingo kama umekunjwa vizuri, juu ukingo mkali utakukata ukiosha. Alafu pindua uangalie kama kampuni imechapa jina lake chini. Washosho wengi bado wanapikia sufuria za Kaluworks, kampuni yenye mizizi yake iko Mombasa, na hizo sufuria zimetoka keja ya mathe zikaingia ya mtoto bila kutoboka. Hicho ndio kipimo changu: sufuria yenye unaweza kumwachia mtu.

Hapa lazima nikatie breki, juu kuna nzito na kuna nzito. Kuna zile zinamiminwa kwa vyuma vya skrepu, vipande vya injini, rimu na mikebe vikiyeyushwa pamoja. Zinakaa ngumu kweli, na bei inavutia. Shida ni hujui kitu gani iliingia kwa hiyo mchanganyiko. Watafiti walipima sufuria za namna hiyo kule Cameroon, wakachapisha 2014, na walipata zinaachilia madini ya risasi kwa chakula. Risasi inaharibu ubongo, na watoi ndio inaumiza zaidi. Kwa hivyo ya kupikia kila siku, chukua ile imepigwa kwa shiti ya alumini kiwandani. Ni bei zaidi kidogo. Lipa.

Sisemi hivyo kudharau jua kali. Kwa karai ya chuma, jiko na pani ya chapo, hakuna mahali naamini kama Kamukunji, pale jirani na Gikomba. Ukifika unasikia nyundo kabla hujaona mtu. Wasee wanakaa chini, bati mguuni, wanakunja ukingo kwa macho tu, na kipimo inatoka sawa. Mwaka wa 1985 Rais Moi alipita hapo akaona venye wanachomeka na jua, akaagiza wajengewe vibanda, na toka hapo serikali ikaanza kuona jua kali kama wera ya ukweli. Karai ya hapo ukiipaka mafuta, ukaichoma mpaka itoe moshi, ukarudia hivyo mara kadhaa, inaanza kuachilia mayai na samaki bila kushika, na hakuna rangi ya kubanduka. Hiyo jiko ya kiuno chembamba, yenye udongo uliochomwa ndani, ilitokea miaka ya mwanzo ya 1980, wabunifu wa hapa Kenya wakiangalia jiko ya ndoo ya Thailand. Inapunguza makaa kwa theluthi mpaka nusu ukilinganisha na ile ya bati tupu. Ni kati ya vitu muhimu zaidi zimewahi kutengenezwa Nairobi, na wengi tunaipita tu kando ya barabara.

Ingawa ukweli ni, kwa bedsita makaa imetushinda. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti kwa misitu ya umma, gunia ikapanda, na hiyo marufuku ikakaa mpaka Julai 2023. Septemba hiyo hiyo ya 2018 mafuta ya taa ikaongezewa ushuru, lita ikafika karibu na dizeli, na stovu ya utambi ikaanza kupotea. Gesi nayo ikapigwa VAT ya asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa 2023. Hizo zote zikitokea, mtungi wa kilo sita, ile tunaita meko, ukaingia kila ploti. Sai kuna hata gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa M-Pesa, unaweka za finje unapika, zikiisha inajizima.

Meko ni poa, lakini iheshimu. Gesi yenyewe haina harufu. Ile kunuka imewekewa makusudi ndio ujue inavuja. Ukisikia hiyo harufu, usiguse swichi ya stima, usiwashe simu, fungua mlango na dirisha, funga mtungi. Gesi ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, kwa hivyo lazima ipewe njia ya kutoka chini. Kujaribu kama paipu inavuja ni kwa maji ya sabuni, kiberiti hapana. Na jaza kwa watu wenye leseni. Usiku wa 1 Februari 2024, kule Mradi, Embakasi, lori la gesi lililipuka kwa kiwanja cha kujazia kisicho na ruhusa. Watu wakakufa na mamia wakaumia wakiwa kwa nyumba zao. Hiyo bei ya chini ya mtungi wa kujaziwa kichochoroni tulilipia pale. Na kama bado unatumia jiko ya makaa, baridi ya Julai ikikaza usilale nayo ndani. Ile hewa yake inaua haina rangi na haina harufu, na keja yetu ndogo inajaa haraka.

Sasa tupike. Ugali, ama ungwaro, ndio mtihani wa sufuria na wa mkono. Na meko imeleta ngori moja yenye wapishi wa zamani hawakuwa nayo: ile bana iko juu ya mtungi, na ukisonga kwa nguvu kitu yote inayumba. Suluhisho ya mtaa ni hii. Chemsha maji mpaka ibubujike kabisa, usifanye haraka hapo. Tupia unga kiasi, ukoroge iwe kama uji, iache itokote dakika kadhaa ndio isibaki na ladha ya ubichi. Ongeza unga kidogo kidogo. Ikianza kuwa ngumu, zima ama punguza, teremsha sufuria chini juu ya kitambaa kilicholowa, bana pande mbili kwa miguu ukiwa umekaa kwa stuli, vitambaa vingine vikikukinga na moto, alafu sasa songa. Unapiga unga kwa ukuta wa sufuria, unageuza, unapiga tena, mpaka mabonge yaishe. Rudisha juu ya moto mdogo, funika, iive polepole. Ukisikia harufu ya mahindi ya kuchoma, imefika. Pindua kwa sahani kwa mpigo mmoja. Sufuria nyembamba inakunjika mdomo ukiibana hivyo. Nzito inavumilia miaka.

Mwiko uwe wa mbao, mrefu, mpana mwisho. Wa chuma unakwaruza alumini, na kwa nonstiki ni uharibifu mtupu. Mimi sina ugomvi na nonstiki, kwa mayai iko sawa, lakini msee akiiweka tupu juu ya moto mkali ameiua. Ikipita nyuzi 260 ile ngozi inaanza kuvunjika na kutoa moshi mbaya. Ikishaanza kubanduka, itoe jikoni. Watu wengi wanavumilia hiyo pani ya mabaka juu ilikuwa zawadi ya kuhamia. Itoe tu.

Sukuma inachukua dakika chache, na hapo ndio wengi wanaiharibu kwa kuipika kama nyama. Kaanga kitunguu mpaka ibadilike rangi, nyanya iyeyuke iwe rojo, alafu sukuma ikiingia geuza, chumvi, geuza tena, toa ikiwa bado ni kijani. Usifunike. Managu na terere zinataka kuchemshwa kwanza, na ukiwa na maziwa ama krimu kidogo ya kumalizia, utaelewa kwa nini wazee wa ocha hawaulizii nyama.

Kwa protini ya bei ya mtaa, kuna vitu watu wanadharau bure. Omena ukiziosha na maji moto, ukazikausha kwa karai bila mafuta mpaka zianze kulia, alafu ndio mafuta, kitunguu, nyanya na pilipili, ile uchungu inaisha kabisa. Mgongo wazi nayo ni ile mifupa ya mbuta inabaki viwandani minofu ikishakatwa ikaenda ng'ambo. Wamama wanaikaanga iwe kavu, wanauza Gikomba na mitaani. Kichwa bado kina nyama, na ukiitia kwa mchuzi mzito wa nyanya na dhania, hiyo ugali inaisha kabla ya mboga. Samaki alitoka ziwa letu. Sehemu yenye ladha zaidi ilibaki hapa, na mimi naikula nikishukuru.

Madondo na githeri ndio zinakula gesi. Hapa ushauri wangu ni wa aina mbili. Kama unataka kuchemsha mwenyewe, loweka usiku kucha, mwaga hiyo maji, weka mpya, na hakikisha maharagwe imechemka kwa nguvu angalau dakika 10, juu zile nyekundu zikiwa nusu mbichi zinaumiza tumbo vibaya. Kama gesi iko chini, enda kwa mama wa githeri pale kona. Anachemsha sufuria kubwa kwa makaa tangu asubuhi, anakupimia kwa kikombe, wewe unafika keja unakaanga tu na kitunguu, karoti na waru. Unamwachia kazi ya masaa, yeye anapata riziki, na sapa iko tayari kabla ya taarifa ya saa tatu.

Kitu moja naomba tuache: kufunika githeri ama matoke na nailoni ndio mvuke usitoke. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini hata zingekuwa halali, plastiki ikipashwa moto juu ya chakula inashusha kemikali zake ndani. Mtu anafanya hivyo juu kifuniko yake haikai. Ndio maana nilisema uizungushe dukani. Kifuniko ikikaa, wali wa pishori wa Mwea unaivia kwa mvuke wake, moto mdogo kabisa, na unanukia mpaka jirani anabisha. Pwani wanapalia makaa juu ya kifuniko ndio moto ishuke pande zote mbili; sisi na meko tunaweka uzito juu yake na tunaacha kuchungulia.

Chapo nitapita haraka, juu kila mtu ana mathe wake na kila mathe ana njia yake. Maji vuguvugu, mafuta kwa unga, kanda mpaka donge liwe laini, lipumzike nusu saa, na pani iwe nzito. Zikitoka ziingie hotipoti zikiwa moto, ndio zibaki laini mpaka asubuhi na chai.

Baada ya kudishi, osha sufuria usiku huo huo. Mchuzi wa nyanya ama kitu ya ndimu usiulaze ndani ya alumini. Asidi inakula chuma, asubuhi utaona vidoa vyeusi na chakula inaonja bati. Hamishia kwa bakuli. Kama unapikia makaa ama kuni, paka sabuni nje ya sufuria kabla ya kuiweka motoni, na masizi yatatoka kwa maji tu. Washosho walikuwa wanatumia jivu, na makalio ya sufuria zao yaling'aa kuliko vioo.

Kuna machali bado wanasema kupika ni wera ya madem. Hiyo nakataa kabisa. Nenda kibanda chochote karibu na mjengo uone nani anasonga ugali ya wasee hamsini. Mara nyingi ni chali, jasho ikimtoka, na hakuna mtu anamuuliza swali. Mwanaume anayejua kupika haogopi kukaa peke yake, haozi na njaa akingoja mtu, na beshte wake akisota ana mahali pa kukimbilia. Nimeona mbogi zikishikana sana hapo penye sahani moja ya ungwaro iko katikati na kila mtu ananawa mikono. Kazi inatafutwa hapo, deni inasameheana hapo, na msee mwenye amekuwa kimya wiki mzima anaanza kubonga.

Na ukijua kupika, bei ya vitu haikutikisi vile inatikisa wengine. Julai 2022 pakiti ya unga ilikuwa imepita mia mbili, mpaka serikali ikaishusha kwa lazima ikawa soo kwa wiki chache. Wenye walikuwa na sufuria na akili walihamia waru, matoke, wali na ngwaci, na maisha ikasonga.

Kwa hivyo end mwezi hii, kabla hujashika ile wufa, pita tao ama Gikomba. Chukua sufuria moja nzito ya kutosha watu wanne, kifuniko yenye inakaa, mwiko wa mbao na kisu yenye inakata. Ukirudi mtaani pitia kwa mama mboga uchukue sukuma za mbao mbili, kisha uite beshte mmoja mwenye unajua hajadishi. Wewe songa, yeye akaange.